Fizi kwa Majina ya Wengine

Mwanafunzi wa teolojia anayetaka kuandika historia ya dini katika mji wa Baraka, huko Fizi, mashariki ya Kongo, huanza pale wanapoanzia watafiti wengi wa siku hizi, kwenye kisanduku cheupe cha hifadhidata. Anaandika "Baraka". Majibu yanamiminika, na karibu yote yanazungumzia mambo mengine kabisa: baraka za mawalii wa Moroko, baraka za masharifu, makaburi yanayozuriwa Misri na Senegali, silsila za masufi. Ziwa Tanganyika halimo, rasi ya Ubwari haimo, sekta ya Mutambala haimo. Akiandika "Fizi", anapata majibu machache, na mengi ni ya vita. Hapo huzaliwa kauli inayosikika hata vyuoni, kwamba juu yetu hakujaandikwa kitu. Kauli hiyo si kweli. Dini za Fizi zimeandikwa tangu karne ya 19, tena si kidogo, lakini zimeandikwa kwa majina ya wengine, kwa lugha za wengine, na zimewekwa kwenye rafu za masomo mengine. Hifadhidata haijui ila jina ililopewa, kwa hiyo haiwezi kuyakusanya yaliyotawanyika. Pengo la kweli lipo, ila haliko pale tunapoliangalia.

Tuanze na namna maghala haya yalivyojengwa. Wakutubi wa vyuo vya teolojia vya Marekani waliunda chama chao, Atla, mwaka 1946, na faharasa yao ya majarida ya dini ikaanzia na matoleo ya 1949. Walikuwa wakiwahudumia walimu na wachungaji wa kwao, hivyo wakachagua majarida ambayo watu hao walikuwa wakiyasoma: Biblia, mafundisho ya kanisa, historia ya Ulaya, na umisheni kwa jicho la anayetuma. Kwa upande wa Uislamu, J. D. Pearson wa chuo cha SOAS, London, alitoa Index Islamicus mwaka 1958, akikusanya makala zilizochapwa kwa lugha za Ulaya tangu 1906. Huko Tübingen, Ujerumani, maktaba ya chuo kikuu inatunza Index Theologicus, ambayo ni ya bure kwa kila mwenye intaneti. Hakuna njama katika historia hii. Mtunza faharasa husoma kichwa cha makala na muhtasari wake, kisha huchagua mada kutoka katika orodha iliyokwisha kuandaliwa, na orodha hiyo inaijua nchi, pengine na mkoa. Teritwari ni nadra, na sekta ndiyo usahau. Zaidi ya hapo, Kongo ya wasomi wa dini imeegemea magharibi kwa muda mrefu. Georges Balandier, Wyatt MacGaffey na John Janzen walifanya kazi zao kubwa miongoni mwa Wakongo wa eneo la chini la Mto Kongo, na nabii Simon Kimbangu wa Nkamba akawa ndiye sura ya dini ya nchi nzima. Anayetafuta "dini Kongo" atafikishwa Nkamba kabla hajaiona hata pwani ya Tanganyika.

Jina la wenyeji wenyewe ni mtego wa kwanza. Vitabu vinawaita Bembe, Babembe au Wabembe, na lugha yao Kibembe au Ebembe. Lakini kuna Beembe wa Mouyondzi, Kongo-Brazzaville, wanaojulikana kwa wakusanya sanaa duniani kwa sanamu zao ndogo za mababu. Kuna Wabemba wa Zambia, walioandikiwa vitabu vya kujaza chumba. Na huko Kuba, jambo ambalo mtu wa Fizi hawezi kulikisia, bembé ni sherehe ya ngoma kwa ajili ya miungu yenye asili ya Kiyoruba. Kwa kuwa injini nyingi hazijali alama iliyo juu ya herufi, sherehe ya Havana na watu wa milima ya Itombwe wanaingia wavu mmoja. Dawa yake si ngumu: ongeza neno la pili ambalo wale wengine hawana. Bwami, chama cha siri chenye ngazi, peke yake itakupeleka kwa majirani Walega, lakini Bembe pamoja na bwami, au vyama vingine kama elanda na alunga, au Itombwe, itakurudisha nyumbani. Jina la mtafiti husaidia kuliko yote. Mbelgiji Daniel Biebuyck alizifanyia utafiti jamii za eneo hili katika miaka ya 1950, na maandishi yake juu ya jando, mizimu na vyama vya siri vya Wabembe na majirani zao ni mengi.

Hapo mtego wa pili hujitokeza. Kitabu cha Biebuyck cha mwaka 1981 kuhusu sanamu za wawindaji waliokuwako kabla ya Wabembe kilichapwa Tervuren, Ubelgiji, na makala yake juu ya Wabembe ilitoka katika jarida African Arts mwaka 1972. Ndani yake mna mababu, viapo, matambiko, ngazi za kuingia katika chama, yaani dini kwa kila kipimo. Wakutubi waliyaweka maandishi hayo kwenye rafu ya sanaa, kwa sababu msomaji wa Brussels au New York aliijua alunga kwa mara ya kwanza kupitia kinyago chake chenye nyuso mbili, mbele na nyuma, kikiwa ndani ya kioo cha makumbusho. Kinyago kilipohama, somo nalo likahama. Mtafutaji anayeng'ang'ania hifadhidata ya dini pekee ataapa kwamba dini ya jadi ya Wabembe haijaandikwa, ilhali imeandikwa kwa kina kuliko makanisa mengi ya Fizi ya leo.

Makanisa ndiyo yaliyobadilisha majina hadi kuchosha. Wapentekoste wa Uswidi walifika Uvira mwaka 1921. Katika ripoti zao wanajiita Svenska Fria Missionen, na kwa Kifaransa Mission Libre Suédoise. Mwaka 1970 misheni za Kiprotestanti ziliwekwa chini ya mwavuli mmoja, Kanisa la Kristo, na kila moja ikawa jumuiya yenye namba yake. Nchi ilipoitwa Zaire, waliotokana na Waswidi wakawa CEPZA na waliotokana na misheni ya Wanorwe wakawa CELZA. Zaire ilipokufa mwaka 1997, herufi zikabadilika tena: CEPAC, CELPA. Muumini wa Mboko anajua kwamba ni kanisa lile lile la babu yake, lakini hifadhidata haijui, kwa sababu kila jina limeingizwa kama kitu kipya. Sheria ya tarehe 31 Desemba 1971, iliyotambua Wakatoliki, mwavuli wa Waprotestanti na Wakimbangu peke yao, ilizidisha giza. Vikundi vidogo vilijificha chini ya vikubwa, na katika maandishi ya miaka hiyo vinaonekana kwa jina la mwenyeji wao au havionekani kabisa. Wametodisti Huru, wenye hospitali ya Nundu, wana shida ya namna nyingine. Ukitafuta Wametodisti wa Kongo utaletewa Katanga, kwenye kanisa lingine lenye historia nyingine, kwa kuwa ndilo kubwa. Hata waandishi walibadilika. Padri Vincent Mulago wa Kivu, mwanzilishi wa jarida Cahiers des Religions Africaines la mwaka 1967, baada ya sera ya uhalisi ya Rais Mobutu anaorodheshwa kama Mulago gwa Cikala Musharhamina, na kazi zake zimegawanyika kati ya majina mawili katika maktaba zisizojua kwamba ni mtu mmoja.

Kwa hiyo swali linaloandikwa kwenye kisanduku halina budi kubeba historia hiyo yote. Badala ya CEPAC peke yake, andika CEPAC OR CEPZA OR "Mission Libre Suédoise" OR "Svenska Fria Missionen", ufunge kwa mabano, kisha uongeze AND na mabano mengine yenye Uvira, Fizi, Baraka, Kivu. Alama za nukuu hulazimisha maneno yakae pamoja, OR hukusanya majina ya kitu kimoja, na AND hukata yasiyohusika. Mtu ataniambia kwamba huo ni utaalamu wa wakutubi, mwanafunzi wa Baraka ataupata wapi? Ufundi wa alama hizi unajifunzika kwa saa moja. Kigumu ni kuyajua majina yenyewe, na hapo mwanafunzi wa Baraka yuko mbele ya mkutubi wa Tübingen. Mzee wa kanisa aliyebatizwa katika miaka ya 1950 anakumbuka misheni iliitwaje, nani alikuwa mkuu wa kituo, na kituo kilihamishwa lini. Mazungumzo naye yanatangulia kompyuta, na daftari la majina ndilo zana ya kwanza ya utafutaji.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa watumishi wa Kanisa waliouawa. Tarehe 28 Novemba 1964, wakati wa uasi wa wapiganaji walioitwa Simba, waliuawa Baraka na Fizi wamisionari watatu Waksaveri kutoka Italia, Luigi Carrara, Vittorio Faccin na Giovanni Didonè, pamoja na padri Mkongomani wa jimbo, Albert Joubert. Kardinali Fridolin Ambongo aliwatangaza wenyeheri huko Uvira tarehe 18 Agosti 2024. Tukio la uzito huo lingetarajiwa kujaza faharasa za dini za Kongo. Kwa Kifaransa yaliyomo ni haba, na kwa Kiingereza ni haba zaidi, lakini andika kwa Kiitaliano, martiri, saveriani, Fizi, na mlango unafunguka, kwa kuwa shirika la Waksaveri lina makao yake Parma na limekuwa likiandika juu ya ndugu zake kwa lugha yake. Fizi ya mwaka 1964 inasomeka vizuri zaidi kwa Kiitaliano kuliko kwa Kifaransa, lugha rasmi ya Kongo. Ajabu, lakini ndivyo ilivyo. Tena si kila mmoja wa wanne hao aliyebahatika sawasawa. Joubert alikuwa mwana wa Kapteni Ludovic Joubert, askari wa zamani wa Papa aliyelinda misheni za ziwani. Baba ana ukurasa wake katika kamusi ya wasifu wa kikoloni ya Ubelgiji, ambayo Akademia ya Brussels imeiweka wazi bure. Mwana, padri mwenyeji, anapatikana zaidi pembeni mwa habari za Waitaliano watatu. Na asomaye matokeo ya neno Joubert bila neno la pili atakutana kwanza na mwanafalsafa wa Kifaransa na jenerali wa Makaburu.

Rudi nyuma zaidi na jina la Fizi lenyewe linakuwa halina kazi, maana bado halikuwa jina la teritwari. Mapadri Weupe walianza Mulweba, Masanze, mwaka 1880, wakahamia Kibanga mwaka 1883 na kuiita Lavigerieville. Barua zao zilichapwa Lyon katika jarida Les Missions catholiques, ambalo leo linasomeka bila malipo katika Gallica, maktaba ya kidijiti ya Ufaransa. Ili kuzipata, andika Kibanga, Massanze, Tanganyika, na ukumbuke kwamba Mfaransa wa wakati ule aliandika ou pale tunapoandika u au w.

Halafu kuna dini iliyofichwa ndani ya vita. Wapiganaji wa Simba waliingia mapambanoni wakiwa na dawa iliyotengenezwa na waganga, yenye miiko yake ya chakula, ya wanawake, ya kugusa. Che Guevara, aliyekaa katika milima inayotazama ziwa upande wa Fizi kuanzia Aprili hadi Novemba 1965, aliandika juu ya dawa hiyo kwa mshangao na hasira ya mtu asiyeamini. Benoît Verhaegen aliichambua Uvira na Fizi katika juzuu la kwanza la kitabu chake juu ya maasi ya Kongo, lililotoka mwaka 1966. Maji ya kinga ya wapiganaji wa Mai-Mai wa baadaye yameandikwa katika ripoti za usalama na za mashirika ya misaada. Yote hayo ni maandiko juu ya imani, kinga, kiapo na nguvu zisizoonekana, na karibu yote yameorodheshwa chini ya siasa na migogoro. Hoja ya kupinga ninaijua: mpiganaji anayejipaka maji hatafuti wokovu, anaogopa risasi, kwa nini tumwite mtu wa dini? Lakini kwa kipimo hicho hicho tungefuta nusu ya historia ya dini duniani, pamoja na askari Wakristo waliobarikiwa silaha. Mfano wa Kitawala unatufundisha vivyo hivyo. Vuguvugu hili lililotokana na Watch Tower liliongoza uasi wa 1944 katika eneo la Masisi na Lubutu chini ya Bushiri, na kwa miaka mingi lilisomwa kama suala la polisi. Biebuyck aliandika juu yake kati ya Wakumu mwaka 1957, na Nicole Eggers ametoa historia nzima ya Kitawala nchini Kongo mwaka 2023. Kati ya maandishi hayo mawili, mtafutaji anahitaji tahajia zote: Kitawala, Kitower, Watchtower, Watch Tower.

Wapo watakaosema kwamba haya yote yamepitwa na wakati, kwamba Google inatosha, au kwamba programu za akili bandia zitajibu swali moja kwa moja kwa Kiswahili. Google ina nguvu yake, hasa kwa ripoti za PDF ambazo hakuna faharasa iliyowahi kuzigusa, na Google Scholar ni nzuri kwa kujua nani amemnukuu nani. Lakini inapanga kwa umaarufu, na umaarufu ndio hasa Fizi isiokuwa nao. Akili bandia ina hatari kubwa zaidi mahali ambapo maandiko ni machache: hujaza pengo kwa kubuni, ikitoa jina la mwandishi wa kweli, jarida la kweli na makala isiyokuwapo. Mwenye kusoma juu ya Martin Luther ataligundua kosa hilo haraka, kwa kuwa maktaba imejaa. Mwenye kusoma juu ya Wapentekoste wa sekta ya Lulenge hana cha kulinganishia. Programu hizo zina kazi moja inayofaa kweli, nayo ni kupendekeza maneno ya kutafutia kwa Kiitaliano au Kiswidi, ambayo mtu huyapeleka mwenyewe kwenye faharasa na kuona kama yanaleta kitu.

Pingamizi la pesa ndilo zito. Mega zinaisha, umeme unakatika, na makala moja ya wachapishaji wa Ulaya huuzwa kwa bei ambayo familia haiwezi kuiwazia. Ni kweli, lakini tutenganishe kutafuta na kusoma. Index Theologicus haitozi. Persée, tovuti ya Kifaransa, inatoa bure majarida ya zamani yenye makala nyingi juu ya Kongo, na utafutaji wake unaingia hadi ndani ya maandishi, kwa hiyo jina la kijiji lililotajwa mara moja katika tanbihi linaweza kupatikana. JSTOR inamruhusu mtu binafsi aliyejiandikisha kusoma mtandaoni makala 100 kwa mwezi. African Journals Online ya Afrika Kusini imekuwa ikikusanya majarida ya bara hili tangu 1998. Kamusi ya wasifu wa Wakristo wa Afrika, mradi ulioanza mwaka 1995 na leo uko Boston, ni ya bure. Kurasa za muhtasari ni nyepesi, hazili mega nyingi. Faili nzito ya PDF mtu anaweza kuisubiri hadi apate mtandao wa chuo. Na pale ambapo makala imefungwa, barua pepe fupi kwa mwandishi mara nyingi huifungua, kwa sababu watafiti hufurahi kusomwa na watu wa mahali walipoandika.

Ugumu mwingine ni wa heshima zaidi kuliko wa pesa. Kwa nini tutumie nguvu kuyafukua ya mmisionari na ya mkoloni, watu waliotuona kwa macho ya kututawala? Sikubaliani na anayetaka kuyatupa. Barua ya Kibanga ina chuki zake, lakini pia ina majina ya watemi, bei za chumvi, na watoto waliokombolewa utumwani, na mambo hayo hayapo kwingine. Kuyakosoa maandiko hayo kunaanza kwa kuyasoma, na mtu asiyejua yalipo hana namna ya kuyapinga.

Baada ya kutafuta kwa majina yote, kwa lugha zote, katika rafu zote, ndipo pengo la kweli linapoonekana, nalo lina sura mbili. Ya kwanza ni Waislamu. Uislamu ulifika pwani hii kwa njia ya biashara ya Ujiji, na una mizizi ya zamani kuliko makanisa mengi. Hata hivyo maandiko ya kitaalamu juu ya Waislamu wa mashariki ya Kongo yamejikita Maniema, kuanzia kitabu cha Armand Abel cha mwaka 1960 hadi makala za Ashley Leinweber za miaka ya 2010. Hapa hakuna jina lililofichwa. Kazi haijafanywa, au imefanywa kwa mdomo tu. Sura ya pili ni kazi zetu wenyewe. Kila mwaka vyuo vya Fizi, Uvira na Bukavu vinapokea kazi za kumaliza masomo juu ya makanisa, mahari, uganga, ndoa za dini mbili. Nakala zinafungwa kwa gundi, moja inabaki kwa mwalimu, nyingine inaingia kabatini. Bukavu ina mfano mzuri, Cahiers du CERUKI, jarida la kituo cha utafiti cha chuo cha ualimu, ambalo limebeba kazi nyingi za watafiti wa Kivu. Kazi ya mwanafunzi inaweza kuwekwa leo bila malipo katika Zenodo, ghala la wazi la CERN, ikapata namba yake ya kudumu, na faharasa za dunia zikaanza kuiona.

Walimu wengine watasema kazi hizo ni dhaifu, zimenakiliana. Nyingine ndivyo zilivyo, na kuziweka hadharani ndiyo njia ya haraka ya kuwafanya wanaonakili waone aibu. Hofu yangu iko kwingine. Fizi ni mahali ambapo jina la mtu, kijiji chake na kabila lake, Mbembe, Mfuliru au Mnyamulenge, vinaweza kumletea madhara, na kazi ya kitaaluma yenye mahojiano huvitaja vyote katika ukurasa mmoja. Mchungaji aliyesimulia mwaka jana nani alilinda kanisa na nani alilichoma hakujua kwamba anazungumza na dunia nzima. Kwa kazi za namna hiyo, muhtasari na maneno ya kutafutia yawekwe wazi, majina ya wasimuliaji yafunikwe, na maandishi kamili yabaki chuoni kwa anayekuja kuyaomba. Kuna pia yale ya bwami ambayo wenyewe waliapa kutoyasema. Biebuyck ameyachapa baadhi yake, na hayawezi kurudishwa tena msituni. Lakini mwanafunzi anayepewa leo na babu yake jambo ambalo halijachapwa hana wajibu wowote kwa hifadhidata.